Sura ya Tano: Kichupo cha Pili

Inspekta hakuigusa kompyuta. Alivuta kiti, akaketi, akaitazama skrini mikono yake ikiwa mapajani, kama mgeni mwenye adabu anayengoja kukaribishwa.

"Piga picha kwanza," alimwambia Koplo. "Skrini nzima. Kisha sehemu ya juu peke yake. Kisha saa ya ukutani."

"Saa ya ukutani ya nini, afande? Imekufa zamani hiyo."

"Ndiyo maana. Asije mtu kesho akaapa mahakamani kwamba aliitazama."

Koplo alicheka puani, akapiga picha. Alimzidi Inspekta kwa miaka kumi na mitano na kilo arobaini, lakini hakuona haya kupokea amri zake. Katika miaka minne ya kufanya kazi pamoja, alikuwa hajaona amri yake hata moja iliyokwenda bure.

Meza ilikuwa ya mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Bi. Nukta. Ofisi yenyewe iliandika vikaratasi vya maelezo, vile vinavyokunjwa mara nane na kutiwa ndani ya maboksi ya dawa, na Bi. Nukta alikuwa amevihariri kwa miaka ishirini na sita. Sasa kikaratasi kimoja kilikuwa kimemgeuka. Dawa ya maji ya homa ya watoto ilikuwa imeingia madukani na kipimo cha watu wazima: vijiko viwili vya mezani badala ya kijiko kimoja cha chai. Mtoto mmoja alilala hospitali siku mbili kabla hajafumbua macho na kumlilia mama yake. Maboksi yakarudishwa haraka. Meneja wa ofisi akaandika ripoti ya ukurasa mmoja: kosa ni la Bi. Nukta, umri umekwenda, macho yamechoka.

Saa tisa alasiri hiyo hiyo Bodi ya Dawa ingeketi kulifuta jina lake katika orodha ya wahariri, na kulipeleka jalada lake kwa mwendesha mashtaka. Sasa ilikuwa saa sita kasorobo.

"Haya, unaona nini?" Inspekta aliuliza.

"Maandishi."

"Juu ya maandishi."

Koplo aliinama mpaka shingo ikamkunjika. "Visikio viwili. Kimoja kimeandikwa 'kesho'. Cha pili kimeandikwa 'dozi'."

"Hivyo ni vichupo. Kila faili lililofunguliwa lina kichupo chake hapo juu. Mwenye kazi anabofya hiki, anarukia kile, bila kufunga kitu. Raha yake ndiyo hiyo. Na hatari yake ndiyo hiyo hiyo."

Programu yenyewe ilikuwa kihariri matini cha kawaida, hakina rangi wala mapambo, kimeundwa kwa watu wanaojali maneno kuliko mavazi ya maneno. Inspekta alikijua. Kabla hajavaa nyota begani alikuwa mpiga chapa wa kituo, miaka sita akiandika maelezo ya wezi, wajane na walevi, vichupo kumi na viwili wazi kwa mpigo, na hakuwahi hata siku moja kumtia mlevi katika kesi ya mjane. Wapo maofisa waliokuwa bado wakimwita Mama Kibodi, wakidhani wanamtusi. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

"Asiiguse mtu," alisema. "Mwenye meza yuko wapi?"

Bi. Nukta alikuwa chumba cha kusomea. Tangu asubuhi alikuwa amekataa kwenda nyumbani. Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha moja, mimbari ya mbao ya kuwekea karatasi, na hakikuwa na kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuniambia nikapumzike, rudi ulikotoka. Wenzako wameshaniambia wote."

"Nimekuja unieleze tena ile Jumatatu. Siku kumi na moja zilizopita. Polepole."

"Mimi sina polepole wala haraka, nina mwendo mmoja." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Niliingia saa moja. Nikafungua mafaili ya dawa ya watoto, moja baada ya jingine. Utangulizi, nikasahihisha, nikahifadhi, nikafunga. Dozi, hivyo hivyo. Tahadhari, hivyo hivyo. Kichupo nikimaliza nakifunga papo hapo. Skrini yangu si gulio. Saa mbili na nusu nikachapa kwenye karatasi, nikaja nayo hapa."

"Ukaacha nini wazi?"

"Kichupo kimoja, 'kesho'. Ndimo ninamoandika kazi za siku inayofuata. Hicho hakifungwi, wala kompyuta yangu haizimwi. Nikija asubuhi nakuta kazi imesimama inaningoja."

"Na humu ulifanya nini?"

"Nilisoma. Kwa sauti, nimesimama. Mtu akikaa, jicho nalo hukaa. Nilimaliza saa sita, nikatia sahihi kila ukurasa, nikaweka trei ya Meneja, nikachukua mkoba wangu nikaenda likizo. Sikurudi mezani. Ningerudia nini?"

"Meneja anasema hajaiona karatasi hiyo."

"Anasema."

Inspekta aliandika. "Mafaili yenu yote yanaitwa majina yale yale?"

"Kila dawa ina folda yake, na ndani yake kila folda ina utangulizi, dozi, tahadhari. Ndiyo desturi ya hapa tangu nianze. Kwa hiyo mimi mafaili mawili yenye jina moja siyafungui pamoja abadani. Pacha hawanyonyeshwi gizani."

"Nani alikusikia ukisoma?"

"Mkwe wangu, fundi wa kompyuta. Chumba chake kiko nyuma ya ukuta huu." Bi. Nukta alirudisha miwani usoni. "Sikiliza, mwanangu. Wakinitoa kwa uzee, nitatoka, kila mtu huzeeka. Kwa kosa langu, nitatoka kabla hawajasema neno. Lakini kwa kosa la mtu mwingine? Siondoki kwa mlango wa uani."

Inspekta alipotoka, Koplo alikuwa anamngoja mezani na uso wa mtu aliyeokota kitu.

"Afande, nyuma ya mashine. Imechomekwa flashi. Ina uzi mwekundu."

Ilikuwa imepachikwa mahali ambapo aliyeketi kitini hawezi kuiona. Walipiga picha, wakaiacha ilipo. Fundi alipoletwa, aliutazama uzi mwekundu, na jasho likamtoka juu ya mdomo kana kwamba limeitwa kwa jina.

"Yako?" Inspekta aliuliza.

"Yangu."

"Neno la siri la kompyuta hii unalijua?"

"Nililiweka mimi. Yeye na Meneja ndio wengine wanaolijua."

"Kwa hiyo una ufunguo, na una alama yako ndani ya nyumba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

"Afande, naapa..."

"Usiape, eleza. Meneja ameniambia kwamba lolote utakalosema ni kumtetea mama mkwe."

"Kumtetea?" Fundi alisahau kuogopa. "Huyu mama alinizungusha miaka mitatu kabla hajakubali nimuoe binti yake! Barua yangu ya kwanza ya mapenzi aliidaka njiani, akanirudishia ina masahihisho kumi na saba kwa wino mwekundu. Chini akaandika: 'Nia njema, mpangilio mbaya.'"

Koplo aliguna, akajifanya anakohoa.

"Na Jumatatu ile ulimsikia?" Inspekta aliuliza.

"Tangu saa mbili na nusu mpaka sita. Kila kipimo anakirudia mara tatu, ndivyo anavyosoma. 'Kijiko kimoja cha chai, kijiko kimoja cha chai, kijiko kimoja cha chai.' Nikalala nikaota vijiko."

"Flashi ulimpa nani?"

Fundi alitazama mlango. "Meneja aliiazima kwangu asubuhi ile. Hakuirudisha. Nikaona ikijulikana ni yangu, na mimi ni mkwe, nani ataniamini?"

"Mimi naamini kinachothibitika. Kaa hapo, nitahitaji mikono yako."

Kwanza Fundi alinakili kila kitu kwenye diski ya polisi. Koplo akaifunga ndani ya bahasha na kuandika saa. Ndipo Inspekta alipobofya kichupo cha 'dozi'. Faili lilikuwa la dawa ya watoto, na jedwali lake lilisema vijiko viwili vya mezani. Chini ya jedwali palikuwa na nambari ya simu ya kampuni.

"Hesabuni pamoja nami," alisema. "Kihariri hiki kina amri ya Tendua. Kichupo kisipofungwa, kinakumbuka kila kilichofanywa humo, na kwa Tendua unarudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayezifuata nyayo zake mwenyewe. Kompyuta haijazimwa siku kumi na moja. Tutazame kama mama mwenye meza hakutuhifadhia kitu bila kujua."

Alibonyeza mara moja.

Jedwali liliruka. Vijiko viwili vya mezani vikawa kijiko kimoja cha chai. Nambari ya simu nayo ikabadilika, kwa pamoja, kama wacheza ngoma wawili waliogeuka kwa pigo moja.

Alibonyeza tena. Hakikusogea kitu.

"Hatua moja tu," Koplo alisema taratibu.

"Hatua moja. Aliyelifanya hili hakuandika hata herufi moja. Alinakili kipande kizima kutoka faili jingine, akakibandika hapa juu ya cha watoto. Jedwali na nambari vilikuja pamoja." Alirudisha faili lilivyokuwa. "Niitie Meneja."

Meneja alikuja akiangalia saa yake ya mkononi. Alikuwa mtu nadhifu, kola imesimama, viatu vinang'aa, na aliongea kwa ule upole wa mtu anayemwonea huruma kila aliye mbele yake.

"Inspekta, mimi huyu mama nampenda. Ni kama mama yangu mzazi. Lakini umri ni umri. Aende akacheze na wajukuu."

"Nisaidie tu nifunge jalada. Jumatatu ile ulimwona kwenye kompyuta?"

"Nilimwona. Saa tatu asubuhi nilipita hapa nikielekea mkutanoni, nje ya ofisi. Alikuwa ameinamia faili hilo hilo. Nikarudi saa sita na nusu, alikwishaondoka."

"Kati ya saa tatu na saa sita na nusu hukuingia humu?"

"Sikuingia."

"Ulijuaje kwamba lilikuwa faili la watoto? Hapa kila dawa ina 'dozi' yake."

Meneja alitabasamu. Swali lilimpendeza. "Nilisoma kichupo. Kilisema 'dozi', na pembeni kwa maandishi madogo, 'watoto'. Mimi macho yangu ni mazima, Inspekta. Sijavaa miwani mpaka leo."

"'Dozi', pembeni 'watoto'. Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Koplo, andika. Msomee. Atie sahihi."

Koplo aliandika kwa mwandiko wake wa shule, mkubwa na mnyoofu, akasoma kwa sauti, na Meneja akatia sahihi yenye mkia mrefu. Inspekta aliipulizia wino ukauke. Kisha akasogea kando ya skrini.

"Nisomee kichupo hicho kwa macho yako mazima."

"Dozi."

"Pembeni?"

Meneja alisogea karibu. "Hapana kitu pembeni."

"Lakini ni faili lile lile. La watoto. Fundi, mwonyeshe."

Fundi alionyesha. Meneja aliinua mabega. "Labda programu imebadilika. Mambo ya kompyuta hayo."

"Haijabadilika. Fundi, lifungue la watu wazima kando yake."

Kichupo cha tatu kilijitokeza. Papo hapo, bila mtu kuandika lolote, majina yakaota mikia: 'dozi, watoto' na 'dozi, wazima'. Inspekta aliashiria kwa kidole. Fundi akakifunga kile cha wazima, na mkia wa mwenzake ukatoweka.

"Tena," alisema Inspekta. Mkia ukaja. "Funga." Ukaenda. "Umeona? Programu hii haitaji jina la baba mpaka wafike mlangoni wawili wenye jina moja. Kwa hiyo siku uliyosoma 'watoto', faili la wazima nalo lilikuwa wazi hapo hapo. Sawa?"

"Basi... basi alikuwa ameyafungua yote mawili! Si ndiyo hayo nayasema? Amechanganya!"

"Saa tatu?"

"Saa tatu."

"Fundi, tuonyeshe folda ya wazima iliingia lini katika kompyuta hii."

Fundi alibofya. Alisoma, na sauti yake ikapata nguvu aliyokuwa hana tangu asubuhi. "Jumatatu ile. Saa tano na dakika nne. Imetoka kwenye flashi. Na faili la watoto limehifadhiwa mara ya mwisho saa tano na dakika kumi na mbili, na dakika hiyo hiyo la wazima likafungwa."

"Saa tatu pacha alikuwa hajazaliwa," Inspekta alisema. "Majina hayo mawili yalionekana kwenye skrini hii kati ya saa tano na dakika nne na saa tano na dakika kumi na mbili, alipofungwa mmoja akabaki mmoja. Dakika nane. Mama alikuwa nyuma ya ukuta akisoma vijiko. Wewe umetia sahihi kwamba ulikuwa nje ya ofisi. Maneno uliyoyasoma umeyakumbuka vizuri, ila saa ndiyo uliyoibuni. Njia ya mwongo fupi, bwana, lakini hii yako imenishangaza. Haikuvuka hata mlango."

Meneja alijaribu kucheka. Cheko likafika nusu likakatika. Akakitafuta kiti kwa mkono, kama mtu aliye gizani.

"Ilikuwa nambari ya simu tu," alisema hatimaye. "Kampuni ilibadili nambari, wakanipa faili la wazima lenye nambari mpya. Nikanakili mwisho wa ukurasa nikabandika kwa watoto. Nikahifadhi, nikafunga moja. La pili nikalisahau, simu iliita. Sikujua jedwali limo."

"Hukusoma?"

"Ilikuwa nambari tu!"

"Na karatasi aliyotia sahihi?"

Meneja aliutazama ukurasa mpya wa daftari la Koplo. "Droo yangu ya chini. Mtoto alipolazwa nikaogopa. Nikasema yeye yuko karibu kustaafu, haitamuumiza sana."

"Haitamuumiza sana." Sauti ilitoka mlangoni. Bi. Nukta alikuwa amesimama hapo, mtandio begani, na hakuna aliyejua alifika lini. Hakupandisha sauti. "Ungeniita tu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nasoma. Ningekuonyesha kosa kabla wino haujakauka, na mtoto wa watu asingelala hospitali."

Koplo aliileta karatasi kutoka droo ya chini. Kurasa nne, sahihi nne, na kwenye ukurasa wa pili, kando ya kijiko kimoja cha chai, alama tatu ndogo za penseli, moja kwa kila mara aliyosoma. Saa nane na robo Inspekta aliwapigia simu Bodi ya Dawa. Alizungumza dakika sita, hakukwama hata neno moja. Alipoiweka simu chini, Fundi alikuwa ameshaleta kompyuta nyingine, maana ile ya kwanza sasa ilikuwa kidhibiti cha kesi, na Koplo alikuwa akiizungushia utepe.

"Wanasemaje?" Fundi aliuliza.

"Jina lake linabaki. Na wanataka kikaratasi kipya cha dawa ya watoto leo hii. Wamesema waziwazi: asikiguse mtu mwingine ila yeye."

"Na ile barua yangu, mama?" Fundi alimgeukia mkwewe. "Mimi je, siku hizi mpangilio wangu umekuwaje?"

"Unakaribia," alisema Bi. Nukta.

Aliketi kwenye kompyuta mpya. Alifungua kichupo kimoja, akasahihisha, akahifadhi, akafunga. Akafungua cha pili. Alipomaliza alifungua kichupo kitupu, akakiita 'kesho', akakiacha wazi. Akachukua karatasi zenye joto la mashine, akapita katikati yao wote kwa mlango wa mbele wa chumba, kichwa juu, na mlango wa chumba cha kusomea ukafungwa.

Muda mfupi baadaye sauti yake ikapenya ukutani, kavu na safi, haikimbii wala haisinzii.

"Kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha chai."

Koplo alivua kofia bila kujijua. Kisha akampa Inspekta ripoti ya siku, kurasa tano, na kalamu. "Tia sahihi, afande, twende. Njaa inaniuma."

Inspekta aliipokea kalamu. Aliutazama ukurasa wa kwanza, akautazama ukuta. Akakisukuma kiti nyuma, akasimama wima, akaanza kuisoma ripoti yake kwa sauti tangu neno la kwanza.